Karatasi za Kanoni Carrigan na nyaraka za Kilkenny zilizoungua

Swali: Mimi ni mzaliwa wa Lamu, naishi Kilkenny, Ireland, nilikokuja kwa kazi ya uuguzi. Jioni nahudhuria darasa la historia ya mji, na nimechagua kuandika habari za ukoo wa Rothe, wafanyabiashara wa karne ya 16 na 17 ambao nyumba yao bado imesimama. Kila nikiuliza ushahidi wa asili, uwe wasia, hati ya ardhi au rejista, naelekezwa kwenye karatasi za padre aliyefariki mwaka 1924, Kanoni William Carrigan. Mbona hawanipi hati zenyewe? Na nakala zilizoandikwa na mtu mmoja niziamini vipi, tena padre, wakati nusu ya habari zenyewe ni ugomvi wa dini?

Jibu: Dada yangu, hakuna anayekuficha kitu. Hati nyingi unazoziulizia hazipo tena. Ziliteketea Dublin tarehe 30 Juni 1922, na wenyeji wako wanakuelekeza kwa marehemu padre kwa sababu yeye alizisoma zikiwa bado nzima, akazinakili, miaka mingi kabla ya moto. Swali lako la pili, hilo la kuamini, ndilo gumu, nami nitalikalia zaidi. Ila haliingii akilini bila la kwanza.

Hadi katikati ya karne ya 19, nyaraka za serikali na za mahakama za Ireland zilikuwa zimetapakaa kwenye minara, vyumba vya chini na ofisi za makarani, nyingine zikiliwa na unyevu. Mwaka 1867 ikapitishwa sheria ya kuzikusanya, na hifadhi ikajengwa kwenye eneo la mahakama kuu za Dublin panapoitwa Four Courts. Hazina yenyewe ilitengwa na jengo la wasomaji, ili moto ukizuka upande mmoja usivuke upande wa pili. Zikaja kumbukumbu za mahakama tangu karne ya 13, wasia, na sensa. Kanisa la Ireland, yaani la Kianglikana, lilipoacha kuwa kanisa la dola mwaka 1871, rejista zake za ubatizo, ndoa na maziko nazo zikaanza kupelekwa huko, isipokuwa za parokia zilizoonyesha kwamba zina mahali salama pa kuzitunzia. Kwa hiyo waliotii haraka ndio waliopoteza, na waliosuasua wakabaki na rejista zao.

Aprili 1922 wapiganaji waliokataa mkataba na Uingereza waliliteka eneo lile. Tarehe 28 Juni serikali mpya ikaanza kulipiga mizinga, na siku mbili baadaye ukatokea mlipuko, kisha moto. Vipande vya karatasi vilipeperuka juu ya jiji, vingine vikaangukia Howth, ile rasi iliyo kaskazini mashariki. Nani alaumiwe ni ubishi ambao wenyewe hawajaumaliza, nami siuingii. Sensa za 1821, 1831, 1841 na 1851 zilipotea karibu zote. (Za 1861 hadi 1891 usiulaumu moto: serikali yenyewe ilikuwa imeshaziharibu kabla ya hapo.) Wasia ulikwenda karibu wote, pamoja na rejista za zaidi ya nusu ya parokia za Kianglikana. Miongoni mwa vilivyopona ni vile vichache vilivyokuwa nje ya hazina siku hiyo, upande wa wasomaji.

Wewe ni wa Lamu, kwa hiyo hali hii si ngeni kwako. Hati ya kale ya Khabari za Pate inasemekana iliungua Witu mwaka 1890, Waingereza walipoushambulia mji ule, na tunachosoma leo ni matoleo ambayo mengi yanarudi kwa mzee mmoja, Bwana Kitini, aliyeyatoa kwa watu mbalimbali, nayo hayafanani. Kilkenny ina nafuu moja kubwa: Carrigan hakutegemea kumbukumbu ya kichwani. Alikuwa na hati mbele yake na kalamu mkononi.

Sasa huyo padre mwenyewe. Alizaliwa mwaka 1860 Ballyfoyle, nje kidogo ya mji wako, akawa padre wa jimbo la Ossory, ambalo makao yake ni Kilkenny. Kabla yake jimbo lilikuwa limeshapata askofu mwenye uchu wa historia, Patrick Francis Moran, yule aliyehamia Sydney baadaye na kuwa kardinali. Yeye ndiye aliyewasukuma mapadre wake waanze kukusanya habari za maeneo yao. Carrigan alilichukua jambo hilo kwa uzito kuliko wote. Mwaka 1905 alitoa historia ya jimbo katika majuzuu manne, iliyopangwa parokia kwa parokia: kanisa lililobomoka, kisima cha mtakatifu, ngome, kaburi lenye maandishi, orodha ya mapadre, na nani alimiliki ardhi gani. Alitembea kwenye makaburi akisoma mawe. Aliwauliza wazee majina ya mahali kwa Kiairishi, wakati ambapo lugha hiyo ilikuwa inakufa katika wilaya ile, akayaandika jinsi alivyoyasikia. Sehemu hiyo haihusiani na moto wa 1922 hata kidogo, lakini nayo haipatikani tena kwingine, maana wasemaji walikwisha.

Vitabu hivyo vinne ndivyo watu wanavyovinukuu. Karatasi zake, zilizobaki katika Chuo cha St Kieran's hapo hapo Kilkenny, ni kitu kingine. Kitabu ni kile alichokichagua kutoka kwenye karatasi, na karatasi ni kile alichokichagua kutoka kwenye hati za Dublin. Kwa hiyo unaposoma kitabu, uko hatua mbili mbali na hati. Ukiweza kuomba nafasi ya kuona daftari lenyewe, omba. Mji wa Wexford una hali kama hiyo, hata zaidi: Herbert Hore alikusanya nakala maisha yake yote akafariki mwaka 1865, kisha mwanawe Philip akachapisha majuzuu sita kati ya 1900 na 1911 kutokana na karatasi za baba yake na nyongeza zake mwenyewe. Hapo baba alichuja, na mtoto akachuja tena.

Basi tuje kwenye kuamini. Jambo moja la kushika ni kwamba Carrigan hakujua kuna moto unakuja. Sisi tunamsoma kana kwamba alikuwa anaokoa, kumbe alikuwa anaandaa kitabu. Mtu anayeokoa hati angenakili kila neno, hata yale yasiyomvutia. Mtu anayeandaa kitabu hunakili anachohitaji, akijua kwamba akisahau kitu atapanda treni kurudi Dublin kukitazama. Ossory yote ilikuwa swali lake: askofu yupi, padre yupi, kanisa lipi, ukoo upi ulishika imani na ukapokonywa nini. Swali lako wewe ni biashara ya familia moja. Alinakili kwa ajili ya swali lake, na wewe unachimba kwenye shimo alilochimba mtu aliyekuwa akitafuta kitu kingine.

Tazama jinsi hili linavyojitokeza kwenye wasia, ambao ndio utakaouhitaji kuliko yote. Wasia wa mfanyabiashara wa mwanzoni mwa karne ya 17 ulikuwa andiko refu. Hufungua kwa kumkabidhi Mungu roho, hutaja mahali pa kuzikwa, kisha huingia kwenye mali: nyumba na viwanja, madeni anayodai na anayodaiwa, vyombo vya fedha, nguo, vitanda, sufuria, na fedha za maskini. Anatajwa mke, wana, mabinti na mahari zao, wakati mwingine watumishi, mwishoni mashahidi. Sasa chukua muhtasari wa wasia huohuo katika daftari la mtafiti wa kizazi cha Carrigan. Utakuta mistari michache: jina la marehemu na mji wake, tarehe ya kuandikwa, tarehe ya kuthibitishwa, mke fulani, wana fulani na fulani, mabinti fulani, ardhi mahali fulani, azikwe kanisa fulani. Sufuria zimetoweka, na wadaiwa pia. Yule kijana wa dukani aliyeachiwa kitu kidogo hayupo tena. Hakuna uongo wowote hapo, kila neno ni la kweli, lakini ukisema "Rothe fulani hakuwa na madeni kwa sababu wasia hautaji madeni", umemsemea marehemu. Kimya cha muhtasari si kimya cha wasia.

Ndiyo maana kazi yako ya kwanza kwenye kila ukurasa ni kujua una aina gani ya nakala mbele yako. Ipo nakala ya neno kwa neno, na hii hujulikana upesi: Kilatini kimebaki Kilatini, tahajia za ajabu zimeachwa zilivyo, vifupisho vya makarani havijanyooshwa. Upo muhtasari, ambao umeandikwa kwa Kiingereza cha mwandishi mwenyewe na sentensi zake ni fupi fupi. Na kuna kitu cha tatu kinachowapoteza wengi, yaani maoni ya mwandishi yaliyoingia katikati ya nakala: "huyu ndiye yule yule aliyekuwa meya", kwa mfano. Sentensi kama hiyo haikuwa kwenye hati. Ni hitimisho lake, inawezekana ni sahihi, lakini lisome kama hitimisho. Katika kitabu kilichochapishwa mipaka hii huonekana kwa alama za kunukuu. Kwenye daftari la mkono mtu alikuwa anajiandikia mwenyewe, na mipaka alikuwa nayo kichwani.

Hatari hiyo ya "yule yule" kwako ni kubwa kuliko kawaida. Kilkenny ilishikwa na koo chache zilizooana vizazi kwa vizazi: Rothe, Shee, Archer, Langton, Cowley na wengine, kumi kwa hesabu ya jadi. Majina ya kwanza yanarudiwa bila huruma. Aliyejenga nyumba unayoiandikia ni John Rothe fitz Piers, yaani mwana wa Piers, na hilo jina la baba ndilo linalomtofautisha na akina John Rothe wengine. Muhtasari ukiliacha jina la baba, huna tena namna ya kujua ni yupi. Jina la ukoo nalo huandikwa Rothe, Roth, Routh na vinginevyo, hata katika andiko moja, kwa hiyo usidhani tofauti ya herufi ni tofauti ya ukoo.

Na tarehe, tafadhali. Ireland, kama Uingereza, ilihesabu mwaka mpya kuanzia 25 Machi mpaka kalenda ilipobadilishwa mwaka 1752. Hati iliyoandikwa Februari 1619 kwa hesabu yao ni Februari 1620 kwa yetu. Baadhi ya wanaonakili hubadilisha, baadhi huacha, baadhi huandika miaka yote miwili kwa alama ya mkwaju (/) katikati. Kabla ya kutumia tarehe yoyote ya Januari, Februari au Machi, tafuta kwanza mnakili wako ana desturi gani. Kwa mfano, ukikuta wasia umethibitishwa miezi kumi kabla ya kuandikwa, umeshapata jibu.

Kuhusu upadre wake, nikuambie wazi: sina wasiwasi kwamba Carrigan alipotosha maneno ya hati. Ugomvi wa dini unaonekana kwenye uchaguzi wake. Mapadre waliojificha wakati wa sheria za kuwakandamiza Wakatoliki, maaskofu, makanisa yaliyotwaliwa, koo za Kikatoliki zilizonyang'anywa mali baada ya Cromwell, jenerali wa Kiprotestanti kutoka Uingereza, kuuteka mji Machi 1650, hayo yote amejaza. Waprotestanti walioingia na kuchukua maduka na viwanja hivyo hana hamu nao. Wanawake wanaonekana kama wake na mabinti. Mafundi na maskini wanapita kwa mbali. Kwenye ukoo wako huohuo utaliona: David Rothe, askofu wa Ossory aliyefariki mwaka 1650, msomi aliyeandika historia ya imani yake kwa Kilatini, anapewa nafasi pana, ilhali wenye maduka wa ukoo huo hawana bahati hiyo. Hata hivyo, wewe unawahitaji hao wenye maduka.

Uzuri ni kwamba mji wako ulichunguzwa na macho ya upande wa pili pia. Mwaka 1849 James Graves, kasisi wa Kianglikana, na John Prim, mhariri wa gazeti la Kilkenny Moderator, walianzisha chama cha mambo ya kale cha Kilkenny, ambacho baadaye kilikua hata kikawa chama cha kifalme cha Ireland nzima. Mwaka 1857 walitoa kitabu kinene juu ya kanisa kuu la St Canice's. Kanisa hilo leo ni la Waanglikana, lakini ndani yake yamo mawe ya kaburi ya Wakatoliki wa mji wa karne ya 16 na 17. Kwa hiyo kwa baadhi ya mawe una usomaji wa kasisi wa Kianglikana na usomaji wa padre Mkatoliki, miaka karibu hamsini ikiwa katikati, na jiwe lenyewe liko dakika chache kwa miguu kutoka unakosomea. Nenda na vitabu vyote viwili, usome herufi kwa herufi. Wapi wanakubaliana, wapi mmoja ameona herufi ambayo mwenzake hakuiona, na je, jiwe limechakaa zaidi tangu hapo? Hicho ndicho kipimo bora cha uaminifu wa mnakili, kwa sababu mawe hayakuungua. Ukimkuta Carrigan ni mwangalifu pale unapoweza kumkagua, una haki ya kumwamini kiasi pale usipoweza.

Kipimo cha pili ni mtu aliyenakili kutoka hati zilezile kwa nia nyingine, hata kabla hazijakusanywa Four Courts. Mwanzoni mwa karne ya 19 Sir William Betham, ofisa mkuu wa nembo na nasaba wa Ireland, alipitia wasia uliothibitishwa na mahakama ya juu ya kanisa hadi mwaka 1800 na kutoa humo uhusiano wa kifamilia tu. Madaftari yake yapo Dublin. Mahakama hiyo ya juu ilishughulikia marehemu waliokuwa na mali ya zaidi ya £5 katika jimbo la pili, na wafanyabiashara wenye mali sehemu kadhaa walikuwa hasa watu wa aina hiyo, kwa hiyo Rothe wako yeyote mwenye uwezo mtafute pia kwa Betham. Betham naye ni mkavu kuliko hata Carrigan, ni majina matupu, lakini ukipata marehemu mmoja kwa wote wawili unaweza kuwapima.

Kabla ya yote hayo, hakikisha kwamba hati unayoitafuta iliungua kweli. Watu wa Ireland wana mazoea ya kusema "iliungua 1922" kwa kila kitu kisichoonekana, na mara nyingi si kweli. Vitabu vya baraza la mji wa Kilkenny vilibaki Kilkenny. Cha zamani kuliko vyote, Liber Primus Kilkenniensis, kinaanzia karne ya 13, kilichapishwa mwaka 1931, na tafsiri yake ya Kiingereza ikatoka mwaka 1961. Rejista za parokia za Kikatoliki hazikuwahi kupelekwa Four Courts, na picha zake zipo mtandaoni bure kupitia Maktaba ya Taifa tangu 2015, ingawa nyingi zinaanza karne ya 18 na 19, zimechelewa mno kwa kazi yako. Hati za ukoo wa Butler, mabwana wa ngome ya Kilkenny tangu walipoinunua mwaka 1391, zilinusurika pia. Edmund Curtis alitoa orodha yake iliyofafanuliwa katika majuzuu sita kati ya 1932 na 1943, na wafanyabiashara wa mji wamo humo, maana hukuweza kufanya biashara Kilkenny bila kukutana na Butler. (Ngome yenyewe Wabutler waliuachia mji mwaka 1967 kwa £50. Bei hiyo hupati hata kioski.) Ushahidi uliotolewa na Waprotestanti kuhusu maasi ya Wakatoliki ya 1641 uko Trinity College Dublin, unasomeka mtandaoni, na humo utasikia watu wa Kilkenny wakitajwa na maadui zao, sauti ambayo kwa Carrigan huipati.

Kisha kuna hazina ya kidijitali iliyofunguliwa Juni 2022, miaka mia baada ya moto, chini ya uongozi wa Trinity College. Wanaunganisha nakala, mihtasari na hati pacha kutoka hifadhi za nchi mbalimbali ili kujaza rafu zilizoungua, na kutafuta humo ni bure. Tafuta kwa tahajia zote za jina. Chombo chao kikubwa, na kinachofaa uwe nacho wewe pia, ni mwongozo wa Herbert Wood, ofisa wa hifadhi ile aliyechapisha mwaka 1919 orodha ya kila mfululizo wa nyaraka uliokuwamo. Miaka mitatu baadaye rafu alizoziorodhesha zilikuwa majivu. Mwongozo huo una kazi maalumu kwako: pale Carrigan anapoandika kifupisho cha mahali alipoitoa habari, Wood atakusaidia kujua ulikuwa mfululizo gani, wa mahakama ipi, wa miaka gani. Ukishajua hivyo unaweza kuuliza swali la maana, yaani kama kuna mtu mwingine aliyepita kwenye mfululizo huohuo na kunakili kitu.

Usiione Kilkenny kama mji wenye balaa la pekee. Mwanahistoria wake maarufu kuliko wote tunamsoma vivyo hivyo. Mwaka 1349, wakati wa tauni kuu, mtawa Mfransisko John Clyn alikuwa akiandika matukio ya miaka yake katika nyumba ya watawa hapo mjini. Akiwa anangojea kifo katikati ya waliokufa, aliandika kwamba anaacha ngozi tupu ili kazi iendelezwe, kama yupo mwana wa Adamu atakayeiepuka tauni. Baada ya hapo mkono mwingine umeongeza kwamba inaonekana mwandishi alifia hapo. Kila anayeandika juu ya tauni Ulaya hulinukuu fungu hilo. Lakini andiko la mkono wa Clyn lilishapotea zamani. Tunalo kwa nakala za karne ya 17, zilizokuja kuchapishwa mwaka 1849, na hiyo sentensi ya mkono wa pili tunaijua kwa sababu wanakili waliona inafaa kuiandika. Hakuna anayelikataa fungu hilo kwa sababu hiyo. Wanataja tu kwamba linatoka kwenye nakala.

Kwa makala yako, ningeanzia kwenye nyumba yenyewe. John Rothe alijenga nyumba tatu, moja nyuma ya nyingine, na ua katikati, kati ya 1594 na 1610, kwa sababu viwanja vya mji vilikuwa vyembamba upande wa barabara na virefu kwa nyuma. Familia ikikua, unarudi nyuma. Huo ni ushahidi wa mwanzo usiopitia mkono wa mtu yeyote: unaonyesha fedha ilikuwapo mwaka gani, ikaendelea kuwapo mpaka mwaka gani, na barabara ilikuwa na thamani kiasi gani kwa mwenye duka. Halafu peleka maswali yanayotokana na nyumba kwenye vitabu vya baraza na hati za Butler, ambazo ni za asili. Carrigan mwache awe wa tatu, umwendee ukiwa na orodha ya mambo unayotaka kuyajua, ili usichukuliwe na mambo yake mwenyewe. Atakuvuta, nakuonya. Anaandika vizuri na anajua kila kijiji.

Kwenye tanbihi usiandike "wasia wa Rothe fulani" kana kwamba umeuona. Andika kwamba ni muhtasari wa Carrigan wa wasia huo, taja daftari na ukurasa, na kwamba asili iliungua 1922. Kama umeitoa kwenye kitabu cha 1905, taja kitabu. Itakuwa tanbihi ndefu, na mwalimu wako anaweza kuguna, lakini atakayekusoma baadaye atajua aanzie wapi kukukagua. Na ukikutana na John Rothe ambaye jina la baba yake halikunakiliwa, usimlazimishe kuwa mwenye nyumba kwa sababu makala inamhitaji. Andika tu: John Rothe, hajulikani ni yupi.